Twita haikuwa na kosa: spika za bamdogo na kofia ya pama

Mara ya kwanza kusikia herufi "s" inatembea ilikuwa sebuleni kwa bamdogo wangu, Tukuyu, mvua imetoka kukatika na bado maji yanadondoka kwenye migomba nje. Bamdogo kaweka kanda yake ya muziki wa dansi, zile nyimbo zilizorekodiwa enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), akakaa kwenye kochi lake akaniambia, "Msikilize huyo mwimbaji halafu niambie amesimama wapi." Nikasikiliza. Sauti yenyewe, zile a na o zake, ilikuwa katikati kabisa ya spika mbili kama mtu yuko pale juu ya meza, lakini kila akifika kwenye neno lenye s, mfano siku, masikini, sisi, ile s inaruka inaenda kulia, halafu inarudi, halafu inaruka tena. Na matoazi ya mpiga ngoma nayo yote yamejazana kulia, tena yanachoma masikio.

"Hiyo ya kushoto inaimba," bamdogo akasema, "hii ya kulia inazomea."

Sijasikia mtu yeyote akaelezea tatizo la spika vizuri kuliko hivyo. Na nyimbo zile zilikuwa za mono, yaani sauti moja ile ile inaenda pande zote mbili sawasawa, kwahiyo mwimbaji hana sababu yoyote ya kuhama, akihama ujue spika zako mbili hazifanani. Hicho ni kipimo cha bure ambacho kila mwenye spika za zamani anacho nyumbani, weka rekodi ya mono, kaa katikati, fumba macho.

Hizo spika bamdogo alizinunua miaka ya themanini wakati bado yuko kazini TAZARA, aliuziwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Maboksi ya mbao nzito, wufa (ile kubwa ya sauti za chini) ya inchi nane, twita (ile ndogo ya sauti za juu) yenye kuba laini ya kitambaa, na kitambaa cha mbele cha rangi ya kahawia kilichopauka. Zimekaa Tukuyu zaidi ya miaka thelathini, na Tukuyu ukiijua unajua maana yake, pale mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, nguo ukianika asubuhi jioni unaianua na unyevu wake. Bamdogo alinipa nizishushe Mbeya nikazitengeneze. Nikazifunga kwenye blanketi mbili, nikakaa nazo siti ya nyuma mpaka Uyole nimezikumbatia.

Mbeya nikazipeleka kwanza kwa fundi mmoja Mwanjelwa. Akaichomeka, akasikiliza nusu dakika, akasema twita ya kulia imekufa, nimpe hela aweke nyingine. Anazo pale kwenye droo, zile nyeusi za plastiki za bei ndogo. Sikumlaumu, manake wateja wengi wanataka kitu kipige tu waondoke, lakini nilishaona spika nyingi za wazee zimeharibiwa hivyo, twita nzuri ya kuba inatupwa inawekwa ile ya plastiki inayolia kama bati, na ukishatupa ya zamani huipati tena. Nikamshukuru nikazibeba.

Nyumbani nikafanya kitu ambacho kila mtu anaweza kufanya bila kipimo chochote. Kwanza nikabadilisha waya nyuma ya amplifaya, ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto kulia. Kuzomea kukabaki kwenye boksi lile lile, basi amplifaya haina kosa. Pili nikafungua skrubu nne za kila twita nikazibadilishana, ya boksi hili ikaenda boksi lile. Hapo nilikuwa na uhakika kabisa kuzomea kutahama na twita. Hakukuhama! Boksi la kulia likawa linazomea na twita ya mwenzake, na ile twita iliyohukumiwa kifo Mwanjelwa ikawa inaimba vizuri kabisa kwenye boksi la kushoto. Nikatoa kapasita kwenye kroso, ile saketi ya ndani inayogawa sauti kati ya wufa na twita, nikazipima zote mbili, ziko karibu sawa. Sasa hapo ikabaki nini? Mbao. Mbao na kilichobandikwa juu yake.

Nikaweka maboksi mawili pembeni kwa pembeni, kitambaa cha mbele nimekitoa, nikawasha tochi ya simu. Boksi la kushoto kuzunguka twita kuna kitu cha kijivu kimebandikwa, kinene kama kidole changu kidogo, kina vumbi kiasi kwamba nilidhani ni sehemu ya mbao. Boksi la kulia hakipo. Kuna gundi ya njano imekauka, na kwenye kona moja kuna kipande kama cha ukucha, kina matundu, na ukikigusa kinabaki unga na vifuko vidogo vyeupe kama punje ya mchele. Nondo. Yaani wale viwavi wa nondo wanaokula sweta za sufu ndani ya sanduku, waliingia kwenye spika ya bamdogo wakala felti, ile sufu iliyoshindiliwa, yote ya upande mmoja, sijui kwanini huu wakaacha ule, labda kwa sababu ya kulia ilikuwa kwenye kona ya giza nyuma ya kabati.

Sasa hiyo felti ilikuwa inafanya kazi gani? Hapa naomba tukae kidogo kwasababu ndio penyewe.

Twita haitoi sauti kwenda mbele tu kama tochi. Sauti nyingine inasambaa pembeni, inateleza juu ya ubao wa mbele mpaka ifike ukingoni. Spika nyingi za miaka ya 60 na 70 ubao wa mbele umeingia ndani, kuna fremu imejitokeza kuzunguka ili kitambaa cha mbele kipate pa kushikia. Za bamdogo fremu hiyo imejitokeza kama sentimita mbili. Sauti inayoteleza ikigonga ile fremu inapinda, inatoka upya kutoka pale pembeni, inakuja masikioni kwako imechelewa. Nilipima kwa rula, kutoka katikati ya twita mpaka kwenye fremu ni sentimita 9, kushoto na kulia sawa sawa. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, kwahiyo sentimita 9 ni kuchelewa kama robo ya milisekunde. Kidogo sana, huwezi kuisikia kama mwangwi. Lakini sentimita 9 ni urefu wa wimbi moja zima la sauti ya karibu hezi 3800, yaani mitetemo 3800 kwa sekunde, maana yake pale sauti iliyochelewa inakuta ile ya kwanza iko hatua moja nayo, zinabebana, panakuwa na kilima. Karibu na hezi 1900 zinapishana, panakuwa na bonde. Na karibu na 7600 zinabebana tena. Na hapo 7600 ndio nyumbani kwa herufi s! Kwa hiyo s ilikuwa kubwa kulia kwa sababu kulia kulikuwa na kilima na kushoto hakuna. Na ile twita kuwa katikati kabisa ya ubao inazidisha tatizo, kwasababu fremu ya kushoto na ya kulia zinarudisha sauti kwa muda ule ule mmoja, ndio maana utakuta spika nyingine twita imesogezwa upande mmoja, mtu anadhani ni urembo.

(Kuna watu hapa huwa wananiambia Mbeya tuko juu sana, mita 1700 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndio maana spika zinalia tofauti na Dar. Kasi ya sauti inafuata joto la hewa, sio mwinuko. Jioni ya Juni ikishuka nyuzi 10 sauti inakwenda kama mita 337, tofauti yake na 343 kwenye hesabu yangu ile haifiki hata hezi mia.)

Felti inaua ile sauti inayoteleza kabla haijafika kwenye fremu. Hewa inapopita kati ya nyuzi za sufu inasuguana nazo, nguvu ya sauti inageuka kuwa joto, joto dogo mno lakini ndio hivyo inakwisha. Kuna hesabu inasema kitu cha kunyonya sauti kinafanya kazi vizuri kikiwa na unene wa robo ya wimbi, kwa hezi 3800 hiyo ni zaidi ya sentimita mbili, na mtu akiona felti ya milimita nane atasema haitoshi. Ila hiyo ni kwa sauti inayokuja kugonga felti uso kwa uso. Hii yetu inapita pembeni, inalala juu ya felti njia nzima. Ni kama mtu anayekatisha kwenye nyasi ndefu zenye umande asubuhi, nyasi zenyewe zinamfika magotini tu lakini akitembea hatua ishirini suruali yote imelowa.

Wenyewe Waingereza walilijua hili mapema. BBC miaka ya 70 walitengeneza spika ndogo ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, inaitwa LS3/5A, boksi lake lina urefu wa sentimita 30 tu, twita yake ni KEF T27 ya milimita 19, na kuzunguka hiyo twita wakaweka felti nene, pande zote nne, kwa sababu ile ile, ubao wa mbele umeingia ndani na fremu imejitokeza. Ukiona picha yake bila kitambaa cha mbele kitu cha kwanza macho yanakiona ni ule mraba wa felti. Mtu akiing'oa ile felti kwa kudhani ni uchafu, ameibadilisha spika nzima, hata kama hajagusa waya hata mmoja.

Kabla ya kwenda kununua chochote nikajaribu na taulo. Nikalikunja, nikalizungusha kwenye twita ya kulia nikaacha uwazi katikati, nikaweka ule wimbo. S ikarudi katikati! Haikurudi yote, na taulo lilifunika mpaka sehemu ya wufa kwahiyo sauti ikawa nzito, lakini nikajua nimepata. Kama una spika inayokuchoma masikio anza na taulo, haligharimu kitu.

Basi ikaanza safari ya kutafuta felti Mbeya. Ukiuliza felti dukani wanakupa ile ya plastiki ya kubandika chini ya miguu ya meza, au ile nyembamba ya watoto ya kukatia maua. Nikasema ngoja nijaribu vitu tulivyo navyo, kimoja kimoja, na kwenye simu nikaweka programu inayochora masafa ya sauti. Simu ikakaa juu ya stuli, mita moja mbele ya spika, stuli nimeichorea alama kwa chaki sakafuni isihame hata kidogo, kwasababu kwa sauti za juu ukisogeza simu sentimita tano mchoro unabadilika wote. Maiki ya simu sio ya maabara, siwezi kukwambia namba kamili, lakini kwa kulinganisha kushoto na kulia, hiki na kile, inatosha.

Nikaanza na ndala. Soli ya ndala iliyokatika ina unene mzuri na inakatika vizuri na wembe. Kwenye mchoro hakuna kilichobadilika, kile kilima kikabaki pale pale. Sababu ni kwamba sponji ya ndala vitundu vyake vimefungwa, hewa haipiti, sauti ikifika inateleza juu yake kama inavyoteleza juu ya mbao. Ndio nikapata kipimo changu ninachokitumia mpaka leo, weka kitu mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa shida shida, hicho kinafaa. Isipopita kabisa ni ukuta. Ikipita kama hakuna kitu, nacho hakifanyi kitu.

Sponji ya godoro pumzi inapita. Nikakata kipande, kilima kikashuka kidogo, na kwa kuanzia sio mbaya. Tatizo la sponji ni kwamba haizeeki vizuri, unyevu na hewa vinaivunja taratibu, inaanza kuwa njano, halafu inanata, halafu inakuwa unga. Kwa nyumba ya Tukuyu siwezi kuiweka, bamdogo atabaki na uji kwenye spika. Sufi ya mito nayo nilijaribu kuishonea ndani ya kitambaa chepesi, inanyonya vizuri tu ila haishiki umbo, baada ya siku mbili imeshuka yote chini. (Sufi ya mti sio sufu ya kondoo, watu wanachanganya, na kwenye spika ni vitu viwili tofauti kabisa.) Kipande cha blanketi zito nikakikunja mara nne, hicho kikazidisha, nilikiweka kikubwa mpaka kikafunika karibu ubao wote wa juu, kuzomea kukaisha lakini gitaa la solo nalo likapoteza ile ncha yake, kidole kinapogusa waya husikii tena kucha. Hapo nikajifunza kwamba felti inakaa palipo na njia ya sauti kwenda kwenye fremu, haina haja ya kutapakaa kila mahali.

Ile siku nimepata jibu nilikuwa kwenye mitumba, sina hata mpango wa spika. Mama mmoja ana rundo la kofia, na katikati kuna pama ya kijivu, kuukuu, ukingo umepinda. Nikaishika. Sufu tupu iliyoshindiliwa, ile ile. Nikaiweka mdomoni nikapuliza.

"We kaka, unanunua kofia au unaibusu?"

"Nainunua mama, samahani. Ni ya spika."

Akaniangalia, akanipunguzia bei bila hata kuomba. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mama yangu, ukisoma hii ujue kofia ilifanya kazi kubwa.

Pama moja ina felti ya unene kama wa milimita mbili. Niliichemsha kidogo kwenye sufuria ili mayai ya nondo yafe na ule ugumu wa gundi ya kiwandani utoke, nikaikausha ikiwa imelala juu ya kigae na matofali mawili juu yake isijikunje. Siku ya tatu nikachora kwenye karatasi umbo la felti ya boksi la kushoto, nikakata vipande vinne vya umbo hilo nikavipanga kimoja juu ya kingine mpaka kimo kikalingana na kile cha kushoto, milimita nane. Hapo wembe mpya ni lazima, mkasi unavuta nyuzi ukingo unakuwa na manyoya, na manyoya yakigusa kuba ya twita unaanza kusikia mkwaruzo. Tundu la katikati nililiacha pana kiasi, lisizidi kubana ile kuba, manake felti ikisogea sana inaanza kunyonya sauti ambayo ulitakiwa uisikie.

Gundi nayo ina lake. Nilishaona mtu amelowesha felti kwa gundi ile ya kukauka mara moja, ikapanda ndani ya nyuzi, ikakauka, felti ikawa gamba gumu, umerudi kwenye ndala. Mimi niliweka nukta nukta za gundi ya mbao chini tu, na kati ya tabaka nikashona mishono michache ya uzi. Na nikabandika ukanda mwembamba wa pama kwenye uso wa ndani wa fremu yenyewe, kushoto na kulia, kitu ambacho hata kiwanda hawakufanya. Nilipopima kile kilima cha pale juu ya 3000 kilikuwa kimelala, mchoro wa kulia na wa kushoto unakaribia kufunikana. Wala haujanyooka kama rula, hakuna spika ya hivyo, lakini zinafanana, na kufanana ndio nilikuwa natafuta.

Watu wakisikia hadithi hii wengi wanasema basi mimi nitaweka tishu mbele ya twita, si nayo inapunguza makali? Hiyo ya tishu ina historia. Spika ya Yamaha NS-10M, ilitoka 1978 kwa ajili ya nyumbani, ikaishia studio dunia nzima juu ya meza za kuchanganyia muziki, na mafundi wakaiona ina makali wakaanza kuning'iniza karatasi ya chooni mbele ya twita. Mhandisi mmoja, Bob Hodas, alikaa akapima karatasi za aina mbalimbali, akaonyesha kwamba karatasi inapunguza sauti za juu kweli lakini bila mpangilio, na sehemu ya sauti inagonga karatasi inarudi nyuma kwenye twita na ubao halafu inatoka tena, yaani umetibu makali ukazalisha vilima na mabonde mapya. Felti inakaa pembeni ya njia, tishu inasimama katikati ya njia. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na hapo hapo niseme kuhusu vitenge. Huku kwetu kitambaa cha spika kikichanika tunavalisha kitenge au kitambaa cha kochi, nyumba inapendeza, naelewa kabisa. Lakini kitenge kimefumwa kwa kubana na kina ile nta yake, upulize uone, pumzi inagoma. Umeweka ukuta mbele ya twita. Tafuta kitambaa cha kufumwa wazi, ukikiangalia dhidi ya dirisha unaona mwanga wa vitundu, rangi chagua unayotaka.

Kuna upande wa pili wa mambo haya, ndani ya twita yenyewe, nao unafanya kinyume. Rafiki yangu Iringa, Kihesa pale, alikuwa na spika za Kijapani, malalamiko yake yalikuwa twita hazitoi kitu, sauti imefunikwa kama redio iko chini ya blanketi. Tukaifungua moja mezani. Ukitoa kuba na koili yake, yaani ule waya uliozungushwa unaoitetemesha, katikati ya sumaku kuna nguzo ya chuma, na juu ya hiyo nguzo kiwandani huwa wanaweka kiduara cha felti au sponji. Kazi yake ni kutuliza hewa iliyofungiwa chini ya kuba, bila hicho kiduara ile hewa inavuma na kuba nayo inaendelea kutetemeka kwenye mlio wake wa asili, ambao kwa twita za milimita 25 mara nyingi uko kati ya hezi 700 na 1500. Sasa cha kwake kilikuwa sponji, na sponji ilikuwa imegeuka lami. Nyeusi, inanata, imevimba imepanda mpaka imeigusa kuba kwa chini. Niliigusa na kijiti cha meno ikavutika kama asali. Kuba na koili ya twita kwa pamoja vina uzito wa kama theluthi moja ya gramu tu, halafu unataka vitetemeke mara elfu kumi kwa sekunde huku vimenata kwenye lami, haiwezekani.

Tuliitoa yote kwa kijiti na pamba kavu, taratibu, karibu saa mbili kwa twita moja, tukaweka viduara vya pama ile ile, tabaka moja tu, chini kabisa pasiguse. Zikafufuka.

Twita nyingine hazina hicho kiduara, zina mafuta ya sumaku, ferofluidi, yanakaa kwenye ule mwanya wa koili. Kitu hicho kilibuniwa NASA mwaka 1963 na Steve Papell kwa ajili ya mafuta ya roketi kule kusiko na uzito, viwanda vya spika vikaanza kukitumia miaka ya 70, kinapoza koili na kinatuliza kuba kwa wakati mmoja. Baada ya miaka mingi kinakauka kinakuwa kama grisi ya zamani, twita inapoteza sauti. Na mafuta yakipoa yanakuwa mazito, kwahiyo kama uko Makambako au Njombe, asubuhi ya Julai spika inafunguka baada ya kupiga kidogo, usikimbilie kubadilisha chochote. Kuyatoa ya zamani unatumia karatasi nyembamba inayonyonya, unaipitisha kwenye mwanya mpaka itoke safi, halafu unaweka mapya kwa kipimo. Ila kama huna mapya usitoe ya zamani, usiache pakavu, na usiweke mafuta ya cherehani, nimeona yamewekwa.

Na kuba zenyewe zile za kitambaa huwa zinapakwa kitu cha kunata ili zisivuje hewa na zisilie. Vumbi letu la Septemba linakaa pale. Lipulize, tumia brashi laini ya rangi ya maji, spiriti usiguse kabisa, inayeyusha kile walichopaka, na hapo hakuna kofia ya pama itakayokusaidia.

Jumamosi moja nikazirudisha Tukuyu. Mamdogo kaandaa chai, bamdogo hakutaka hata ninywe kwanza. Akavua miwani, akasogeza uso mpaka karibu na twita ya kulia, akaigusa ile felti ya kijivu kwa kidole.

"Hii si pama?"

"Ni pama bamdogo."

"Mzee wangu alikuwa nayo ya hivi hivi." Akanyamaza kidogo. Halafu akaweka kanda ile ile, wimbo ule ule, akarudi kwenye kochi lake akafumba macho. Mvua ikaanza kugonga bati lakini sio kubwa. Mwimbaji akaingia, akafika kwenye siku, akafika kwenye masikini, akafika kwenye sisi, na bamdogo akanyoosha mkono akaonyesha katikati, juu ya meza, kwenye kile kitambaa cha kushona cha mamdogo.

"Amesimama," akasema. "Rudisha nyuma tuanze mwanzo."